Siku Niliyomkimbia Mkwe wa Kwenye Shuka

Jamani, leo nimeumbuliwa na shuka.

Hapa ni Morogoro, Petro ndiye anayegonga. Athumani wa Mikese, nanyi wa Ngerengere na Kilosa, sogezeni viti karibu na mashine zenu za telegrafu. Treni ya mwisho imepita. Bwana wetu wa stesheni yuko bomani anakunywa bia na wenzake. Najua waya huu ni wa serikali, si wa porojo. Lakini habari hii itawafikia tu. Kesho abiria wote wa kwenda pwani wataibeba, na kila mmoja ataitia chumvi yake. Bora mnisikie mimi mwenyewe kwanza. (Mkono unauma, goti linauma, na kanzu yangu imechanika. Nitagonga polepole.)

Mambo yangu ya nyumbani wengine mnayajua. Kwa asiyejua, ni haya. Mke wangu Tekla alipanda kwao Matombo kujifungulia kwa mama yake. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Mtoto sasa ana miezi minne na mimi sijamwona. Hakuna askari aliyenizuia, wala homa, wala mvua. Amenizuia mama mkwe.

Na kosa ni la kalamu yangu. Mwaka wa tatu huu naliandikia lile gazeti letu la pwani habari za Morogoro: nani kaja, nani kahama, ngoma ipi ilikuwa nzuri na ipi ilikuwa kelele tu. Watu wananisifu kwa ukali, na mimi nikausadiki ukali wangu. Basi siku moja nikaandika juu ya wakwe. Nikaandika kwamba kumkimbia mama mkwe njiani, kuingia vichakani akipita, kuinamisha uso asikuone, yote hayo ni ushamba. Mtu aliyestaarabika husimama wima, akampa mkwe wake mkono na kumuuliza hali. Nilipomaliza niliyasoma maneno yangu mara nne kwa raha.

Nilisahau kwamba gazeti linafika Matombo. Nilisahau kwamba katekista wa kule, Jumapili baada ya misa, hulisoma kwa sauti nje ya kanisa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Na mama mkwe wangu popote panaposomwa kitu hukaa mbele kabisa. (Jina lake silitaji. Mtaona huko mbele kwa nini.)

Ujumbe nililetewa na Mjomba Mloka, kaka yake mama mkwe. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo hakuna pa kukata rufaa. Alisema kwa upole tu kwamba Tekla atakaa kwao mpaka mumewe apate adabu. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda milima, nikalala barazani kwa mjomba siku mbili, nikateremka bila kumwona mke wala mtoto. Tangu hapo nachemsha uji mwenyewe, nafua mwenyewe, na jioni nazungumza na mashine hii kwa sababu ndiyo pekee inayonijibu. Namkumbuka Tekla. Basi, nimesema.

Sasa njooni kwenye mambo ya leo. Wiki hii hapa mjini kumekuwa na maonyesho ya picha zinazotembea, zile wenyewe wanaziita sinema. Wamekuja mabwana watatu, kila mmoja na mashine yake na picha alizozipiga mwenyewe. Mmoja ni Mgiriki aliyekuwa akijenga reli, wa pili ni Mhindi kutoka Bombei, wa tatu ni Mjerumani ambaye watu wanamwita Bwana Picha, kwa sababu mwaka jana alizunguka Uluguru na sanduku la miguu mitatu akizungusha mpini kutwa nzima. Mataifa matatu, ghala moja. Hata Dar es Salaam sijasikia kitu cha namna hiyo.

Mhariri wa gazeti akaniandikia. Alitaka nizitazame zote, nizipime, niseme ipi ina maana na ipi ni mwanga tu. Halafu nimhoji Bwana Picha, maswali matatu, na majibu yake niyaandike kama alivyoyasema. Na Bwana Picha aliposikia kuna karani wa telegrafu anayejua Kijerumani, akaniongezea kazi: siku ya picha zake nisimame kando ya shuka na fimbo, niwaeleze watu kwa Kiswahili wanachokiona.

Nilianza vizuri sana. Juzi Mgiriki alionyesha harusi ya kwao. Watu wengi, masharubu mengi, wanacheza wameshikana mikono. Chakula hakikuonekana hata sahani moja. Niliandika kwamba harusi isiyoonyesha chakula haina tofauti na msiba wenye muziki. Jana Mhindi alionyesha tembo waliopambwa kwa vitambaa na kengele. Niliandika kwamba ni wazuri, ila wanatembea tu mpaka mwisho, na tembo wa kutembea tunao hapa Mkata bila kuzima taa. Mnaona mtu niliyekuwa. Nilikuwa mtu huyo mpaka leo saa nane mchana.

Kabla ya hapo, Jumatatu, Mjomba Mloka alipita stesheni. Akaniambia dada yake anateremka mjini kutazama picha za Bwana Picha. Nikamuuliza tangu lini anapenda mambo ya Wazungu. Akasema ana sababu yake, akacheka kidogo, akaenda zake. Nilipaswa kumshika kanzu nimuulize ni sababu gani. Sikumshika, maana nilikuwa nimeshaanza kuota.

Nilivyoota ni hivi. Mama mkwe ataniona nimesimama mbele ya mji mzima na fimbo mkononi. Atasikia Bwana Mkubwa wa boma akicheka mahali ninapotaka acheke. Ataona Mzungu ananijibu maswali yangu. Atasema moyoni, kumbe huyu kijana si mtu wa kupuuzwa, na kabla ya Jumapili Tekla atateremka na mtoto mgongoni. Wengine walikwenda ghalani kutazama picha. Mimi nilikwenda kumchukua mke wangu.

Basi leo. Tangu alfajiri nilikuwa kwenye mashine hii, nikipokea habari za mizigo na mabehewa. Sikula. Saa saba nikaoga kwa kata mbili za maji, nikavaa kanzu nyeupe ile niliyofungia ndoa, nikatia maswali yangu mfukoni, nikaenda.

Ghala ni la Bwana Nanji, yule muuza nguo wa karibu na soko. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili ndani kuwe giza. Juu mabati, nje jua la saa nane, ndani mji mzima umebanana, na harufu ya ngozi na nta zilizokuwa zimewekwa humo. Nilishaanza kutoka jasho kabla sijafungua mdomo. Shuka ya picha Bwana Nanji aliishona mwenyewe, vipande sita vya kitambaa kipya cheupe cha marekani, akaitundika katikati ya ghala badala ya ukutani. Alifanya hivyo kwa heshima, ili wanaume wakae upande mmoja wa shuka na wanawake upande wa pili. Picha inapenya kitambaa, kila upande unaona, na hakuna anayemtazama mwenzake. (Hilo la shuka katikati mlishike vizuri. Mimi sikulishika.)

Bwana Nanji alinijia kabla hatujaanza, akanishika bega. "Bwana Petro, fimbo yako isiguse nguo," alisema. "Mpya hii. Kesho narudisha dukani." Nikamwambia aondoe wasiwasi, asinifananishe na watu wa porini.

Bwana Mkubwa akaja, akakaa kwenye kiti chake mbele. Taa ikawashwa, mashine ikaanza kunguruma, na picha ikatokea. Kwanza tuliona mji wetu: askari wanacheza kwata bomani, halafu soko, halafu mtaa wa nyuma ya soko. Watu walipiga makofi kwa kuona vitu wanavyoviona kila siku. Pale mtaani akatokea mzee mmoja amekaa barazani. Basi Mzee Shomari, mshona viatu, ambaye alikuwa amekaa mstari wa pili, akamtambua kaka yake mkubwa. Akasimama kwenye giza lile, akaamkia shikamoo, akangoja.

Mngekuwa ninyi mngenyamaza. Mimi nilikuwa na fimbo. Nikapaza sauti ili ifike mpaka upande wa wanawake. "Mzee, kaa. Hiyo ni picha tu. Picha haiitikii."

Ghala zima likacheka. Bwana Mkubwa aliuliza nimesema nini, akatafsiriwa, naye akacheka. Mzee Shomari akakaa taratibu.

Nikanogewa. Picha ikahamia milimani. Tukamwona mpagazi anatoka misheni ya Matombo na mzigo kichwani, na mara hiyo hiyo, kufumba na kufumbua, yuko Morogoro anautua. Hapo nikaipata hoja yangu ya kwanza ya gazeti. Nikawaambia watu wamtazame vizuri bwana huyu, ametoka Matombo akafika mjini kabla hajakohoa, wakati sisi wengine tunaitembea njia ile mpaka miguu inavimba. Watu wakafurahi. Nikaona hata Bwana Picha, nyuma ya mashine yake, amenyanyua kichwa kunitazama. Niliwaza kwamba upande wa pili wa shuka kuna mtu anasikia haya, na roho yangu ikatulia kwa mara ya kwanza katika miezi minne.

Kisha ikaja njia. Njia tu, nyembamba, migomba huku na huku, ukungu kidogo juu. Mbali kabisa mwanamke anakuja na mkungu wa ndizi kichwani. Nikainua fimbo nikaanza kueleza. Nikasema hapa tunamwona mwanamke wa Matombo anapeleka ndizi misheni, tazameni anavyotembea, mzigo wote ule na hashiki kwa mkono.

Anakuja. Anakua. Sasa ana urefu wa mtoto, sasa wa mtu mzima, sasa anazidi mtu mzima. Nikaona mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Nikasema moyoni, mguu huu naujua. Nikaona kanga alivyoifunga. Nikaona mashavu. Halafu akainua macho akanitazama mimi, mimi hasa, uso kwa uso, hatua mbili, na uso wenyewe ukubwa wa mlango.

Mama mkwe.

Nawaeleza kwa uaminifu yaliyotokea ndani yangu. Kichwa kilijua. Kichwa kilisema, Petro, huo ni mwanga na kitambaa, wewe mwenyewe umemwambia Mzee Shomari sasa hivi. Lakini miguu haikukiuliza kichwa. Nilizaliwa Kinole, huko huko milimani, jamani. Mapadri walinichukua wakanipeleka pwani nina miaka kumi, wakanifundisha kusoma, kuandika, na kuvaa viatu. Kabla ya hapo, miaka kumi mizima, nilimwona baba yangu akiiacha njia na kuzama kwenye migomba kila bibi mzaa mama alipotokea kwenye kona. Alikuwa akinishika mkono na kuzama nami. Sikujua kwamba mwili wangu ulikuwa bado umeyaweka hayo.

Nikatupa fimbo. Nikainamisha uso, nikaufunika kwa mkono, nikaiacha njia kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba sikuwa njiani. Kulia kwangu palikuwa na marobota ya pamba mpaka juu. Mbele yangu wanaume na Bwana Mkubwa. Palibaki upande mmoja tu ulioonekana mtupu, nyuma ya shuka, nami nikaingia huko kwa kichwa.

Mshono wa Bwana Nanji ulifunguka wote, toka juu mpaka chini. Nadhani hata wewe Athumani huko Mikese uliusikia.

Nikapinduka, nikaanguka kwa magoti upande wa wanawake, juu ya kikapu cha mtu cha ndizi, kifua kimeelekea mashine, shuka imenizunguka miguuni. Mashine haikusimama. Shuka ilipochanika, picha ilikosa pa kukaa, ikatafuta kitu kingine cheupe, na mle ndani cheupe kilichobaki ni kanzu yangu. Nikatazama chini. Mama mkwe alikuwa anatembea kwenye tumbo langu na ndizi zake.

Nikageuza kichwa ili nisimwone. Mbele ya uso wangu, kwenye kigoda, mstari wa kwanza (bila shaka mstari wa kwanza), amekaa mama mkwe mwenyewe. Ndipo nilipoelewa ile sababu yake ya kuteremka mjini. Alikuja kujitazama.

Mmoja tumboni, mmoja mbele. Niambieni mngekimbilia wapi. Nikavuta kipande cha shuka nikajifunika kichwa, nikabaki pale pale nimeinama. Yeye naye akafanya inavyompasa: akavuta kanga usoni, akageuka kwenye kigoda chake, akanipa mgongo. Nilisikia mashine ikizunguka na mabati yakilia kwa joto.

Kisha upande wa wanaume ikasikika sauti ya Mzee Shomari, bila haraka yoyote. "Karani, kaa. Hiyo ni picha tu."

Sina haja ya kuwaelezea kicheko. Vumbi lilidondoka toka kwenye mabati. Bwana Mkubwa alicheka mpaka askari wake wakatazamana hawajui kama nao wacheke. Mimi chini ya shuka nilikuwa nahesabu kimoyomoyo hamsa ishirini zangu, viboko ishirini na vitano vya serikali, maana nimeharibu sherehe ya Wazungu na mali ya mtu mbele ya boma zima. Kiboko hakikuja. Alikuja Bwana Nanji, akaanza kunivua kitambaa chake taratibu, pindo kwa pindo, huku anatikisa kichwa. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Nikatoka nje, nikakaa nyuma ya ghala karibu na pipa la maji. Sikulia bado. Niliwaza tu kwamba yamekwisha. Kama alinikatalia mke wangu kwa sababu ya maneno ya gazetini, sasa nimemwangukia miguuni na picha yake tumboni mbele ya wanawake wote wa mji. Mtoto wangu atanijua akiwa anaolewa.

Bwana Picha akanifuata huko na kiti chake. Alikuwa amefuta machozi ya kucheka na macho bado mekundu. Akasema yuko tayari kwa mahojiano. (Kazi ni kazi. Nikatoa karatasi. Ilikuwa imelowa jasho na ndizi, lakini ilisomeka.) Nikamuuliza swali langu la kwanza: mbona katika picha yake mtu anatoka Matombo na kufika Morogoro bila kuipita njia? Akasema ile njia aliikata kwa mkasi. Hakuna anayetaka kutazama miguu siku nzima, njiani hakuna kitu. Nikaandika. Nilitaka kumwambia njiani ndiko wakwe wanakopita, ila sikuwa na nguvu ya kubishana.

Swali la pili sikuliuliza, kwa sababu yeye aliniuliza mimi. Alitaka kujua kama nilijua ile ni picha. Nikasema nilijua. Akauliza, basi nilimkimbia nani.

"Mama mkwe wangu, Bwana."

"Lakini hakuwapo."

"Alikuwapo pande zote mbili, Bwana."

Akacheka tena, halafu macho yake yakaanza kung'aa kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema kesho asubuhi, juani, kwenye njia ya kupandia mlimani, ataweka sanduku lake. Mama apite na ndizi, nami nikimbie kama nilivyokimbia leo, yeye azungushe mpini. Ataonyesha kwao Ulaya. Nikamwambia siwezi, kesho niko zamu. Akasema zamu ataimaliza na Bwana Mkubwa, akasimama akaenda kumtafuta. Nikabaki nimeshika karatasi yangu yenye jibu moja.

Ndipo akaja Mjomba Mloka. Alikuja polepole, uso mkavu. Nyuma yake, kwenye kona ya ghala, niliona ncha ya kanga. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta, haonekani, anazungumza na mawe. Akisema neno, mjomba ananiletea. Nikisema neno, mjomba anampelekea, ingawa kila kitu tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa. Nikageukia pipa la maji, nikainamisha uso. Safari hii nilifanya kwa hiari yangu.

"Dada anasema," alisema mjomba, "yale maneno ya gazetini aliambiwa umeyaandika wewe. Leo amejua si wewe."

Nikasema, mjomba, ni mimi.

"Anasema si wewe. Mtu anayemkimbia mkwe hata wa kwenye shuka hawezi kuandika maneno yale. Yameandikwa na mtu mwingine akatia jina lako. Ndivyo alivyoamua, na wewe usibishe."

Sikubisha. Miaka mitatu naandika, na leo kwa mara ya kwanza nimeshukuru mtu kuninyang'anya maandishi yangu.

Halafu akasema Tekla atateremka Jumamosi na mtoto. Akasema mtoto ana meno mawili tayari na ana paji la uso langu, Mungu amsaidie. Hapo ndipo nilipolia. Nililia ndani ya pipa, jamani, ili ionekane nanawa.

Nilidhani tumemaliza. Ile ncha ya kanga haikuondoka. Mjomba akakohoa, akasema kuna jambo moja bado. Dada amesikia anachotaka Bwana Picha, naye amekubali. Kesho atapita na ndizi. Lakini hataki picha hiyo iende Ulaya kwanza. Anataka ipelekwe Matombo, ionyeshwe nje ya kanisa Jumapili giza likiingia, kwa sababu tangu lile gazeti lisomwe vijana waliooa kule wameanza kuwapa mama wakwe zao mikono. Anataka wamwone mtu wa mjini, karani, mwenye viatu, anavyofanya. Bwana Mkubwa ameshanitolea ruhusa. Sikuulizwa.

"Na ana neno juu ya ulivyofanya leo," alisema mjomba.

Nikangoja. Safari hii mama mkwe hakumngoja kaka yake. Aliyaambia mawe yake kwa sauti ya kutosha, na mimi nikasikia kila neno.

"Alikimbia vizuri. Ila alikimbilia kwa wanawake. Kesho akimbilie migombani."

Basi. Mimi nimepima ngoma, harusi za Wagiriki na tembo wa Bombei, kurasa mbili mbili, na sijawahi kuandika kitu kifupi na cha haki kama hicho. Alisifu panaposifika, akaonyesha kosa, akasema namna ya kulirekebisha. Nikimaliza hapa nitamwandikia mhariri kwamba Matombo kuna mtu anaweza kazi hii kuliko mimi. (Jina lake silitaji. Sasa mmeona kwa nini: hata jina la mkwe hukimbiwa.)

Nimechoka sana. Bwana Nanji amenitumia sindano na uzi, shuka iko hapa mapajani mwangu, naishona huku nawagongea. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa njia ya mlimani, nimevaa kanzu ile ile maana Bwana Picha anasema inashika mwanga vizuri, namkimbia mama mkwe kwa amri ya serikali. Nitakimbilia migombani. Nitakimbia hata mara kumi akitaka, na Jumamosi nitasimama mlangoni kwangu kumngoja binti yangu.

Ninachowaomba ni kimoja. Msicheke. Waya ni mmoja na kila mkono una namna yake ya kutetemeka juu ya mashine, kwa hiyo mtu akicheka mimi huku najua ni nani. Athumani, nakusikia.